Kusambaza Chapisho la Mtu Mwingine: Kuomba, Kutaja na Kuondoa

Mtu anapoweka picha, video au maandishi yake mahali pa wazi mtandaoni, amewaruhusu watu wayaone. Hajamruhusu kila aliyeyaona ayachukue na kuyapeleka anakotaka. Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886 na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa tangu hapo, na ambao nchi nyingi duniani ni wanachama wake, unailinda kazi ya mtu bila kumdai aisajili kwanza wala aiwekee alama yoyote; kwa hiyo picha iliyopigwa kwa simu asubuhi na kuwekwa mtandaoni mchana ina mwenyewe, hata kama hakuandika jina lake popote. Hata hivyo, sheria ni sehemu ndogo tu ya jambo hili. Wengi wanaoumizwa na usambazaji hawaendi mahakamani. Wanafunga akaunti zao na kunyamaza. Mwongozo huu unamhusu yeyote anayesambaza vya wenzake, awe msimamizi wa ukurasa wenye maelfu ya wafuasi au mwanakikundi wa kawaida wa WhatsApp, na msimamo wake ni mmoja: sambaza kwa namna inayomwachia mwenyewe uwezo wa kubadili mawazo.

Kitufe kabla ya kupakua

Kuna njia mbili za kusambaza ambazo zinafanana machoni lakini matokeo yake ni tofauti kabisa. Ya kwanza ni kutumia kitufe cha kushea kilichowekwa na mtandao wenyewe. Ukikitumia, chapisho linabaki kwa mwenyewe na wewe unalionyesha tu: jina lake linaambatana nalo, akilifuta linatoweka na kwako, na kwenye Facebook akipunguza idadi ya wanaoruhusiwa kuliona, wafuasi wako walio nje ya idadi hiyo hawatalifungua hata wakiliona jina lako juu yake. Njia ya pili ni kupakua faili au kupiga picha ya skrini, kisha kuiweka upya kwenye akaunti yako. Hapo umetengeneza nakala ambayo mwenyewe hana mamlaka nayo tena. Atafuta la kwake na lako litaendelea kuzunguka. Ndiyo maana kitufe ndicho chaguo la kwanza, na kupakua ni jambo la kuombea ruhusa kila mara.

WhatsApp inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu huko hata kusambaza kwa kitufe ni kutoa nakala. Tangu mwaka 2018 ujumbe uliosambazwa huonyesha alama kwamba umetoka kwingine, mwaka 2019 watumiaji wa dunia nzima waliwekewa kikomo cha kutuma kwa mazungumzo matano kwa wakati mmoja, na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukapunguziwa hadi mazungumzo mamoja. Vikomo hivyo vinapunguza kasi, lakini havimrudishii mwenye ujumbe jina lake wala haki ya kuufuta. Kama kitu unachotaka kuwaonyesha wenzako kikundini kilianzia kwenye mtandao mwingine, watumie linki yake badala ya kupakua video na kuituma ikiwa yatima.

Kitufe nacho si kibali cha kila hali. Mtu mwenye marafiki themanini anayeandika juu ya kuvunjika kwa ndoa yake ameandika akiwafikiria hao themanini, hata kama hakujua, au alisahau, kwamba akaunti yake iko wazi. Ukurasa wenye wafuasi laki moja ukimshea, kitufe kimetumika ipasavyo lakini mtu ameanikwa. Kipimo ninachokiamini ni hiki: kadiri umati utakaompelekea unavyokuwa mkubwa kuliko ule aliouandikia, na kadiri jambo lenyewe linavyogusa maisha yake ya ndani, ndivyo unavyopaswa kumuuliza kwanza. Kumnukuu mtu asiye maarufu ili watu wako wamcheke ni mfano mbaya zaidi wa aina hiyo, kwani maneno yako mawili ya kejeli yanaweza kumletea matusi ya wiki nzima ambayo wewe hutakuwepo kuyasoma.

Mipangilio ya akaunti pia husema. Mtu aliyefunga akaunti yake, aliyezima ruhusa ya watu kuweka chapisho lake kwenye stori zao, au aliyezima uwezo wa wengine kutengeneza video juu ya video yake huko TikTok, ameshajibu swali kabla hujaliuliza. Kupiga picha ya skrini ili kuikwepa mipangilio hiyo ni kukataa jibu. Vivyo hivyo kwa makundi yaliyofungwa: kilichosemwa kwenye kundi la wagonjwa, la wazazi au la wafanyakazi wa ofisi moja hakitoki humo bila idhini ya aliyekisema, hata kama kundi lina watu elfu tano.

Mjue mwenyewe kabla ya kumwomba

Kuomba ruhusa kwa mtu asiye na haki ya kuitoa hakusaidii chochote. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti Januari 2010, mpiga picha Daniel Morel aliweka picha zake mtandaoni kupitia akaunti yake ya Twitter. Mtu mwingine akazichukua na kuziweka kama zake, shirika la habari la AFP likazipata kupitia kwa huyo mtu, na zikasambazwa duniani pamoja na wakala wa picha Getty Images zikiwa na jina lisilo la mpigaji. Kesi ilipofika mwisho mwaka 2013, baraza la wazee wa mahakama huko New York lilimpa Morel dola milioni 1.2. Utetezi kwamba masharti ya Twitter yaliruhusu kila mtu kuchukua ulikataliwa. Kama shirika lenye wahariri wa kazi hiyo liliweza kuangukia kwa mwenyewe bandia, mtumiaji wa kawaida ana sababu zaidi ya kukagua.

Ukaguzi wenyewe hauchukui muda mrefu. Ipitishe picha kwenye Google Images au TinEye, tovuti zinazotafuta mahali picha ilipowekwa mtandaoni, uone ilionekana wapi mapema zaidi. Tazama ukubwa na ukali wake, kwa kuwa nakala ya asili kwa kawaida ni kubwa na safi, ilhali zilizopita mikono mingi huwa zimefifia, zimekatwa pembeni au zina nembo za kurasa tatu zilizopandana. Fungua akaunti unayodhani ni ya mwenyewe: je, ana picha nyingine za mahali hapo, siku hiyo hiyo, kutoka pembe tofauti? Mwishowe muulize waziwazi kama ni yeye aliyepiga au kuandika, maana watu wengi wanaposhea kitu kilichowafurahisha hukubali kwa wema ombi la kukitumia, bila kufikiri kwamba hawana mamlaka ya kukikubalia.

Ujumbe wa kuomba

Ombi zuri ni fupi, lakini linamwambia mwenyewe kila kitu anachohitaji ili aamue. Huu ni mfano unaoweza kuurekebisha:

"Habari za wakati huu. Samahani kwa usumbufu. Naitwa (jina), ni msimamizi wa ukurasa wa (jina la ukurasa), unaohusu ushonaji na wenye wafuasi wapatao elfu kumi na mbili. Nimeiona video yako ya jana inayoonyesha jinsi ya kuweka zipu iliyofichwa. Je, ni wewe uliyeirekodi? Kama ni wewe, naomba ruhusa ya kuiweka kwenye ukurasa wetu, nzima bila kuikata, pamoja na jina la akaunti yako na linki ya chapisho lako. Hatutaitumia kwenye tangazo lolote. Ukitaka tuiondoe baadaye, niambie tu, nami nitaiondoa siku hiyo hiyo. Na ukiona si sawa, hakuna neno."

Tazama kilichomo. Mwombaji amejitambulisha na kutaja ukubwa wa ukurasa, kwa sababu kukubali kuonekana na watu mia mbili si sawa na kukubali kuonekana na watu elfu kumi na mbili. Ametaja chapisho lenyewe, siyo "kazi zako", ili kibali kisije kikatanuka kikameza akaunti nzima. Ameeleza litawekwa wapi, litatajwaje na halitatumikaje. Ameahidi kuondoa, na sentensi ya mwisho imemfungulia mwenzake mlango wa kukataa bila kuona haya, jambo ambalo lina uzito kwa sababu wengi wetu tumelelewa kuona kumkatalia mtu aliyeomba kwa adabu kuwa ni utovu wa adabu. Kama unayemwandikia amekuzidi umri na unajua hivyo, mwamkie kama ambavyo ungemwamkia uso kwa uso. Kama humjui, "habari" inatosha, na majina ya mapenzi kama "mpenzi" au "dear" yaache kabisa.

Andika faraghani. Ombi linalotolewa hadharani chini ya chapisho, mbele ya watu wanaotazama, linambana mtu. Tatizo ni kwamba ujumbe kutoka kwa mgeni mara nyingi huingia kwenye sehemu ya maombi ambako mwenyewe hapafungui kwa miezi, hivyo unaweza kuacha maoni mafupi kama "Nimekuandikia inboksi, tafadhali angalia ukipata nafasi", na kuishia hapo.

Asipojibu, je? Ule usemi kwamba kunyamaza ni kukubali haufanyi kazi hapa. Huenda hajaona, huenda ameona na hajui aseme nini, huenda hataki. Mkumbushe mara moja, kisha tafuta kitu kingine, au shea kwa kitufe kama mipangilio yake inaruhusu na jambo lenyewe si la siri. Akijibu kwa dole gumba tu, muulize kwa upole athibitishe kwa neno; alama hiyo huweza kumaanisha "nimeona" kama inavyoweza kumaanisha "sawa". Na akikataa, limekwisha. Mwaka 2016 tovuti ya Mashable ilimwomba mpiga picha Stephanie Sinclair picha yake moja kwa dola 50, akakataa, nayo ikaipachika kwenye makala kupitia chapisho lake la Instagram, yaani ikalionyesha chapisho lenyewe ndani ya makala. Shauri hilo lilisumbua mahakama kwa miaka. Mwaka 2020 jaji aliyekuwa amelitupilia mbali alilirudisha, na mwaka huo huo Instagram ikasema masharti yake hayampi mtu leseni ya kupachika picha za wengine kwenye tovuti yake. Mwishoni mwa mwaka 2021 iliwapa watumiaji uwezo wa kuzuia machapisho yao yasipachikwe. Hata mtu akiweka sheria kando, kuuliza, kuambiwa hapana, kisha kuingilia mlango wa nyuma ni kitendo kibaya kuliko kutouliza kabisa.

Waliomo ndani ya picha

Aliyepiga picha anaweza kukupa haki ya picha. Hawezi kukupa ridhaa ya watu waliomo. Picha ya darasa, ya wodi, ya mazishi au ya ajali ina watu ambao huenda hata hawajui kwamba walipigwa, na aliyeiweka kwa ndugu zake hakuwa amefikiria ukurasa wa wageni. Kwa watoto, ruhusa inatoka kwa mzazi au mlezi, na mtoto mwenye umri wa kuelewa aulizwe naye. Kama picha inaonyesha jina la shule kwenye sare, bango la mtaa au namba ya gari, ni afadhali kuiacha hata ukiruhusiwa. Kwa aliyefiwa, usiombe chochote siku za msiba. Kwa aliyejeruhiwa au aliyedhalilishwa, nisingeomba wala nisingesambaza, kwa sababu mtu wa namna hiyo mara nyingi hana nafasi ya kufikiri matokeo ya jibu lake.

Wale wanaokusanya picha na video za matukio yanayoendelea, kama mafuriko au moto, wawe na tahadhari moja ya ziada: usimwambie aliye eneo la tukio akupigie nyingine kwa karibu. Muulize kwanza kama yuko salama, na kama kutajwa jina lake kunaweza kumletea matatizo.

Picha za skrini

Hapa ndipo heshima inapopotea kwa urahisi. Mazungumzo ya inboksi yana wenyewe wawili, na ruhusa ya mmoja haitoshi. Maoni yaliyoandikwa chini ya chapisho ni ya aliyeyaandika, wala si ya mwenye ukurasa. Ukiwa na sababu nzuri ya kuonyesha kilichosemwa bila kumwonyesha aliyekisema, ficha jina, picha ya akaunti na wakati, kisha ukumbuke mambo ambayo watu husahau. Kalamu ya kupaka rangi iliyo kwenye simu mara nyingi haizibi kabisa, na mtu akiongeza mwangaza wa picha maandishi yaliyo chini yake huweza kusomeka. Tumia mstatili wa rangi nzito isiyopenyeza. Kukata pia kunaweza kudanganya: mwaka 2023 iligundulika kwamba zana ya kuhariri picha za skrini kwenye simu za Google Pixel ilikuwa ikiacha ndani ya faili sehemu ya kile mtumiaji alichodhani amekikata, kiasi cha mtu mwingine kuweza kukirudisha. Na hata ukificha kila kitu, maneno yaliyonakiliwa neno kwa neno kutoka chapisho la wazi yanaweza kutafutwa na kumfikisha msomaji moja kwa moja kwa aliyeyaandika. Kama lengo ni kumficha, eleza kiini kwa maneno yako mwenyewe na uache picha.

Kumtaja mwenyewe

"Picha kwa hisani ya mtandao" haimtaji mtu yeyote. Mtandao haupigi picha, na hauna hisani ya kutoa. "Haki zote kwa mwenyewe" nayo ni kukiri kwamba unajua yupo mwenyewe ila hukujisumbua kumtafuta. Andika jina la akaunti kama lilivyo, utaje na mtandao lilipo, kwa kuwa jina lile lile linaweza kuwa la mtu mwingine kwenye mtandao mwingine. Mtagi ili apate taarifa. Weka linki kama mtandao unaruhusu. Liweke jina mwanzoni mwa maelezo, mahali linapoonekana kabla msomaji hajabonyeza kuona zaidi, wala usilizike chini ya alama za reli ishirini. Kama aliweka jina au nembo kwenye kona ya picha, usiikate wala usiifunike kwa nembo yako. Muulize pia anapenda atajweje, maana wapo wanaotaka jina la kazi na wapo wasiotaka kutajwa kabisa.

Kutaja, hata hivyo, hakuchukui nafasi ya kuomba. Hayo ni madeni mawili, na kulilipa moja hakufuti lingine. Pale ambapo kuomba si lazima ni kwenye nukuu: Mkataba wa Berne unaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa kihalali, kwa kiasi kinachostahili kusudio la nukuu, mradi chanzo na jina la mwandishi vitajwe. Kauli aliyoitoa kiongozi wa umma kwenye akaunti yake kuhusu kazi yake huhitaji kumwomba ili uijadili. Unachodaiwa ni kuinukuu kwa ukamilifu wake na tarehe yake. Kazi zilizowekewa leseni ya Creative Commons nazo zina ruhusa iliyotangulia, lakini kwa masharti: BY inadai umtaje mwenyewe, NC inakataza biashara, ND inakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa, na SA inataka utakachotengeneza kitolewe kwa leseni ile ile.

Mabadiliko ya aina yoyote yaombewe peke yake. Kukata video ya dakika tatu ibaki sekunde ishirini, kubadilisha muziki na kuongeza maandishi makubwa juu ya uso wa mtu kunaweza kugeuza maana yake kabisa. Tafsiri imo katika kundi hili. Mkataba wa Berne unamwachia mwandishi haki ya kuidhinisha tafsiri ya kazi yake, kwa hiyo mtu anayechukua chapisho refu la lugha nyingine na kulileta kwa Kiswahili aombe kwanza, hata kama amefanya kazi kubwa ya kulitafsiri, na akikubaliwa aandike kwamba ni tafsiri na ya nani. Mtumie mwenyewe toleo la mwisho kabla hujalirusha. Tarehe nayo usiiache, kwa sababu picha ya mafuriko ya miaka mitano iliyopita ikiwekwa leo bila tarehe ni uongo hata kama mwenyewe alikuruhusu.

Biashara zinazotaka kutumia picha ya mteja aliyefurahia bidhaa zinahitaji kibali kipana zaidi na cha maandishi: itatumika kwenye tangazo la kulipia au la, kwa muda gani, wapi, na kwa malipo gani. Mteja kukutagi ni salamu. Hajasaini mkataba wa matangazo.

Baada ya kusambaza

Hifadhi jibu la ruhusa pamoja na tarehe yake na linki ya chapisho, kwa sababu inboksi hufutwa na wasimamizi wa kurasa hubadilika. Mjulishe mwenyewe limewekwa lini, na utazame maoni yanayoandikwa chini yake siku za mwanzo. Umemleta mgeni kwenye baraza lako, hivyo ni kazi yako kufuta matusi yanayomlenga, wala si kazi yake kuja kujitetea mbele ya watu asiowajua.

Akiomba uliondoe, liondoe kwanza kisha mzungumze. Hana wajibu wa kutoa sababu. Ufute pia kwenye stori zilizohifadhiwa, kwenye akaunti nyingine ulikorudufisha, kwenye kundi la WhatsApp ambako bado inawezekana kulifuta kwa wote, na kwenye simu yako kama alikuomba hivyo. Kama kuna kurasa zilizolichukua kutoka kwako, waandikie wasimamizi wake kwamba ruhusa imeondolewa, na umtumie mwenyewe orodha ya hao uliowaandikia ili asilazimike kuanza kuwatafuta peke yake.